Ukumbusho wa Askari na Wapagazi

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni hili: Je, yafaa kutenga kipande cha ardhi kando ya njia, kupanda humo maua na miti, na kusimamisha jiwe kwa ukumbusho wa watu waliokwenda vitani? Tena, ikiwa yafaa, ni nani aandikwe katika jiwe lile, na ni nani aachwe? Twauliza hivi kwa kuwa sisi tukaao Nandagala, na pande zote za Ruangwa na Nachingwea, twakaa katika nchi iliyopitiwa na vita, na watoto wetu huenda shuleni na kurudi pasipo kuona kando ya njia alama iwaambiayo habari hiyo.

Wengine watajibu mara moja kwamba yafaa, maana mtu aliyekufa vitani astahili heshima. Wengine watajibu mara moja kwamba haifai, nao wana sababu tatu. Husema, Bustani ya askari yawafundisha vijana kupenda vita. Tena husema, Wazee wetu hawakupigania nchi yao, walibebeshwa ugomvi wa wageni. Basi tuwasifu kwa lipi? Tena husema, Fedha na nguvu zitumike kwa walio hai, maana wafu hawahitaji maua. Sababu hizi si za kudharauliwa, na tutazipima moja moja. Lakini kwanza yatupasa kuzijua habari zenyewe, maana ahukumuye pasipo kujua habari ni kama apimaye nguo gizani.

Vita Kuu ya kwanza ilianza mwaka 1914, na mwaka 1917 ikafika kwetu kusini kwa ukali wake wote. Majeshi ya Waingereza yalitoka Kilwa na Lindi, na Wadachi, ndio Wajerumani, pamoja na jemadari wao von Lettow-Vorbeck, walirudi nyuma huku wakipigana. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Waingereza waliitwaa Ruponda, ambayo leo imo katika wilaya ya Nachingwea, pamoja na akiba ya chakula waliyokuwa wameiweka Wadachi. Tangu tarehe 15 hata tarehe 18 ya mwezi uo huo walipigana Nyangao na Mahiwa, katika njia itokayo Lindi kwenda Masasi. Siku zile nne, watu zaidi ya 2,000 wa upande wa Waingereza waliuawa au kujeruhiwa. Wadachi walipoteza watu wachache zaidi, lakini hawakuwa na wengine wa kuwaweka mahali pao, na mwezi wa Novemba wakauvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Sasa twauliza, waliokufa Mahiwa walikuwa nani? Msomaji atakayedhani ya kuwa walikuwa Wazungu tu atakosea sana. Katika pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika. Wako waliotoka Nigeria, nchi ya mbali upande wa magharibi, wakaja kuzikwa katika mchanga wa Lindi. Wako askari wa King's African Rifles, waliokuwa wakiitwa Keya. Upande wa Wadachi walikuwako Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wengi. Wayao walikuwamo katika majeshi yote mawili, hata yamkini mtu alimlenga bunduki ndugu wa ukoo wake pasipo kumjua.

Na nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi. Huku kusini njia hazikufaa motokaa, hasa wakati wa mvua, na punda na farasi walikufa kwa mbung'o. Basi unga, risasi, hema, dawa, na hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 50 au 60. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile yote, na waliokufa hukadiriwa kuwa 95,000 au zaidi. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa malaria na kwa njaa. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi wa chengachenga, nao hawakuwa na wakati wala kuni za kuuivisha, matumbo yao yakaharibika. Wengi wao hawakuomba kazi ile. Walikamatwa vijijini, wakafungwa kamba, wakaenda. Neno Kariakoo, ambalo kila mtu wa Dar es Salaam hulitaja aendapo sokoni, asili yake ni Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi. Walitajao kila siku ni wengi, na wajuao maana yake ni wachache.

Tusiwasahau wala wale waliobaki nyumbani. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha wenyeji. Wanaume wakiisha kuchukuliwa, wanawake walilima peke yao, na walipovuna walinyang'anywa. Njaa ikawapata watu, nao wakaingia porini kuchimba ming'oko, kama ilivyo desturi ya kusini wakati wa shida. Mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali uliozunguka dunia nzima, ukawakuta watu hawana nguvu mwilini.

Hizo ndizo habari za vita. Lakini swali letu lahusu hasa yale yaliyofuata. Mwaka 1917, vita ikiwa bado haijaisha, Waingereza waliweka Tume ya kutunza makaburi, nayo ilikuwa na kanuni njema, kwamba wafu wote watahesabiwa sawa, wakubwa kwa wadogo, na kila mtu jina lake litaandikwa. Huko Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa. Huku kwetu haikufuatwa. Mwezi wa Aprili 2021 Tume hiyo yenyewe, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ya kukiri neno hilo. Taarifa yasema ya kuwa watu wapatao 45,000 hata 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na wa Misri. Katika barua za miaka ya 1920 zilizochunguzwa humo imo habari ya Gavana wa Tanganyika, Sir Horace Byatt. Shauri lake lilikuwa kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya mahali pengine, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo; tena hakupenda hata kuifikiri hesabu ya Waafrika waliokufa kwa kazi ya kubeba mizigo.

Twawaomba wasomaji wasilipite neno hili haraka. Gavana hakuagiza makaburi yavunjwe, wala hakumtukana mtu. Alitaka tu yaachwe. Alijua ya kuwa pori halihitaji amri, maana nyasi huota zenyewe, mvua huufukia udongo, na baada ya miaka michache apitaye hapo haoni kitu.

Wala hasara haikuwa ya heshima tu. Mahali pengi majina ya wapagazi hayakuandikwa vema. Wengine waliandikwa kwa jina la kijiji, wengine kwa jina la jumbe wao, wengine kwa jina ambalo karani alilisikia vibaya. Kwa hiyo vita ilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia watu wao, kwa kuwa haikujulikana ni ya nani. Fikirini mwanamke mjane aliyekaa kijijini mwaka 1919. Mumewe hakurudi. Kuna fedha iliyo haki yake, lakini jina la mumewe halimo katika kitabu, au limo kwa namna ambayo hakuna awezaye kulitambua. Basi tujue ya kuwa kuandika jina la mtu ni sehemu ya haki yake, na kumfuta jina ni kuwadhulumu walio hai pia.

Hatusemi ya kuwa hapakuwa na ukumbusho wowote. Mwaka 1927 Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, nayo ipo hata leo katika mzunguko wa njia, na bustani ndogo chini yake. Njia ipitayo hapo huitwa Samora, kwa jina la Samora Machel, ambaye kabla ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975 aliwafundisha wapiganaji wake hapa kwetu Nachingwea. Juu ya jiwe amesimama askari mmoja na bunduki yake, ameinama kidogo kama aendaye mbele. Maandishi yaliyo chini yawataja askari na wapagazi pia, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, lakini jina la mtu hata mmoja halimo. Nairobi wamefanya zaidi kidogo, maana huko wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sanamu hizi ni nzuri, nasi hatuzidharau. Lakini askari asiye na jina, aliyesimama mjini, hawezi kumwambia mtoto wa Nandagala ni nani katika ukoo wake aliyekwenda asirudi.

Sasa tuzirudie zile sababu tatu za wanaokataa. Ya kwanza yasema kwamba ukumbusho wa askari hufundisha kupenda vita. Twakubali ya kuwa hatari hiyo ipo. Kabla ya vita ya 1914 Wadachi walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya Wissmann, aliyewashinda watu wa pwani kwa mizinga. Yeye alisimama juu, na askari Mwafrika alisimama chini akimtazama. Jiwe lile liliwekwa kwa kujisifu. Waingereza waliliondoa, nalo baadaye likasimamishwa Hamburg, hata mwaka 1968 wanafunzi wakaliangusha. Walimu wa dini watakumbuka habari ya Absalomu, aliyejisimamishia nguzo alipokuwa hai ili jina lake lisipotee, na mwisho wake akatupwa shimoni msituni. Watakumbuka pia mawe kumi na mawili ambayo Yoshua aliagiza yatolewe katika mto Yordani. Mawe yale hayakumsifu Yoshua. Yaliwekwa ili watoto waulize maana yake, na wazee wawe na neno la kujibu.

Basi hapa twaona tofauti ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu yote: kukumbuka ni jambo moja, na kusifu ni jambo jingine. Kumbukumbu ni deni letu kwa kila mtu aliyebebeshwa mzigo wa vita. Sifa ni ya yule tu ambaye matendo yake yaistahili. Watu wanaochanganya mambo haya mawili hupotea kwa njia mbili. Wengine husifu kila kitu kwa kuwa wataka kukumbuka, wakawadanganya vijana kwamba vita ni utukufu. Wengine huogopa kusifu, na kwa hofu hiyo huacha hata kukumbuka, wakawaacha wafu wao wakae porini. Bustani ya kweli yaandika mambo yalivyokuwa. Ikiwa jiwe lasema, Hawa walikufa kwa kuhara damu njiani, wakibeba mizigo ya watu wengine, hakuna kijana atakayelisoma akatamani vita.

Sababu ya pili yasema kwamba wazee wetu walipigania ugomvi wa wageni. Ni kweli. Dr. Martin Luther aliandika kitabu kidogo mwaka 1526 kujibu swali la askari mmoja, kama mtu wa vita aweza kuwa na dhamiri safi. Alitenga kazi na mtu aifanyaye. Alisema kazi ya kulinda watu yaweza kuwa njema, na mtu aifanyaye aweza kuiharibu kwa moyo mbaya. Tena alisema ya kuwa askari ajuaye hakika kwamba bwana wake anapiga vita vya dhuluma, asimfuate. Lakini tumpimeje kwa kipimo hicho mtu aliyetolewa shambani kwake kwa kamba, asiyejua Ujerumani iko wapi wala Uingereza iko wapi, wala hakuulizwa? Hukumu ya vita ile yawaangukia walioiamuru. Aliyebeba mzigo twamdai nini? Hatuna tunalomdai. Sisi ndio tunaodaiwa naye.

Lakini iko shida iliyo kubwa kuliko hiyo, nasi hatutaki kuificha. Miaka michache kabla ya vita ile, tangu 1905 hata 1907, watu wa kusini waliinuka juu ya Wadachi katika vita vya Maji Maji. Wadachi walishinda, na katika kushinda kwao walichoma vijiji na mashamba, njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Waliozishika zile mienge hawakuwa Wazungu tu. Wengi walikuwa askari Waafrika waliolipwa mshahara. Baadhi yao ndio waliopigana tena miaka kumi baadaye, na yamkini wengine walikufa hapa hapa Mahiwa. Basi twauliza, mtu aliyechoma ghala ya bibi yetu mwaka 1906, akafa kwa risasi mwaka 1917, aandikwe katika bustani yetu? Na jina lake likae karibu na jina la yule ambaye ghala yake ilichomwa?

Swali hili ni gumu, na wasomaji wengine watakataa jibu letu. Sisi twasema, jina lake likijulikana na liandikwe, lakini sifa asipewe. Kando ya maneno kwamba alikufa Mahiwa, na isemwe pia kwamba askari wa namna yake walichoma vijiji wakati wa Maji Maji, na kwamba watu walikufa kwa njaa. Kwa nini twasema hivyo? Kwa sababu tukianza kumfuta mtu kwa kuwa alitenda mabaya, twatumia shauri lile lile la kuacha pori lifunike; na pori likiisha kulifunika kaburi la mkosaji, lafunika na kosa lake, na watoto wetu hawatajua ya kuwa mtu wa rangi yao aliwahi kulipwa ili achome chakula chao. Neno hilo ni lazima walijue, maana majaribu ya kulipwa ili kuwaonea wenzetu hayakuisha na Wadachi. Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906, watu hukusanyika kila mwaka tarehe 27 Februari kuwakumbuka. Hiyo ni sifa iliyostahiliwa. Kumbukumbu ya waliosaidia kuwashinda nayo yahitajiwa, bila sifa.

Sababu ya tatu yasema kwamba walio hai watangulie wafu. Hii twaikubali kuliko zote. Husimuliwa kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee wa Wadachi mishahara yao iliyobaki tangu vita, na mtu wa fedha akatumwa mpaka Mwanza. Wazee walikuja kwa mamia, lakini wachache tu walikuwa na hati. Ndipo kila mzee akapewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kidachi, Shika, Weka begani, Simama sawasawa. Wala hakuna aliyesahau. Watu huicheka hadithi hii. Sisi twaona huzuni ndani yake, maana miaka 46 ilipita tangu vita kwisha, na walioweza kusimama pale walikuwa wale tu ambao mauti hayajawachukua.

Nasi je? Katika vita ya pili ya dunia watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Vijana wa Tanzania walikwenda Kagera na Uganda mwaka 1978 na 1979, na wengine baadaye walikwenda Msumbiji. Wafu wa Kagera wana makaburi yao Kaboya, na majina yao yameandikwa. Waliokufa Msumbiji wana makaburi Naliendele, karibu na Mtwara. Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa kwa ngao, mkuki, sime na mashada ya maua. Hayo ni mema. Lakini aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1979 leo ni mzee, labda akaa nyumba ya tatu kutoka kwako, mguu wake wauma, na hakuna amwulizaye habari. Kijiji kipandacho maua kwa ajili ya wafu na kumpita mzee huyu pasipo salamu, kimejidanganya chenyewe.

Hata hivyo hatukubali kwamba neno moja laliondoa jingine. Kazi zote mbili zafanywa na mkono mmoja. Mtu aliyejizoeza kung'oa magugu kila Jumamosi mahali palipoandikwa majina ya wapagazi, moyo wake waendelea kuuliza, Na aliye hai je, ana kuni? Na mtu asiyewajali wafu wake kwa kuwa hawawezi kumlipa, kesho hatawajali wazee kwa sababu iyo hiyo. Ndiyo maana twapenda bustani kuliko sanamu. Sanamu ya shaba ikiisha kusimamishwa, watu hurudi nyumbani wakidhani deni limelipwa. Bustani haimpi mtu ruhusa hiyo. Ukiiacha mwaka mmoja, pori limerudi, na kila apitaye njiani aona ya kuwa umesahau.

Basi tuseme watu wa Nandagala wakubali kufanya kazi hii. Hawahitaji shaba wala mchongaji kutoka ng'ambo. Wahitaji mambo manne.

Kwanza, mahali. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 huihifadhi ardhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu, tangu katikati ya njia. Basi bustani isiwekwe ndani ya mpaka huo, na shauri lipelekwe kwanza kwa serikali ya kijiji na kwa watu wa barabara. Twasema hivi kwa kuwa hata makaburi yamepata kuhamishwa. Mwaka 1968 makaburi 660 ya vita ya kwanza yaliondolewa mahali pake Dar es Salaam ili barabara mpya ipite.

Pili, majina. Walioiona vita ya 1917 wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu na vitukuu wapo, na katika koo nyingi jina la babu aliyekwenda na mzigo asirudi bado latajwa. Wainjilisti na walimu wanaojua kalamu wachukue daftari, waende nyumba kwa nyumba, Wakristo na Waislamu pasipo kubagua, maana mzigo haukuuliza dini ya mtu. Waandike jina la mtu, la baba yake, la kijiji chake, na mahali alikoonekana mara ya mwisho. Ambaye jina lake halijulikani, na aandikwe hivyo: mtu wa Nandagala, aliyekwenda na mzigo. Majina ya wanawake waliokufa kwa njaa yasiachwe.

Tatu, miti. Mwembe au mkorosho hufaa, maana hutoa kivuli na matunda, na mpitaji atakaa hapo kupumzika. Msomaji mmoja labda ataogopa akisema, Je, hatutarudia kuweka unga chini ya mti na kuwaomba wafu, kama walivyofanya wazee wa zamani? Twamjibu kwamba wafu hatuwaombi neno wala hatuwatolei kitu. Twaandika jina lao kwa ajili ya walio hai. Lakini tusiwacheke wazee wale, maana walijua jambo moja ambalo sisi twalisahau, kwamba mtu aliyekwenda asirudi yafaa awe na mahali pa kutajwa.

Nne, zamu. Hili ndilo kubwa. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, iandikwe orodha ya watu watakaopalilia, mwezi kwa mwezi, wazee na vijana, na watoto wa shule. Ikiwa orodha hiyo haipatikani, ni afadhali kazi isianze, maana bustani iliyotelekezwa ni aibu kuliko ardhi tupu.

Ndugu zetu, Gavana yule amekufa zamani, na shauri lake limekemewa na Tume yenyewe, ijapokuwa imechelewa miaka mia. Lakini pori halikumngojea yeye, wala halitungojei sisi. Wapo hata sasa wazee wachache ambao waliambiwa habari hizi na wazazi wao kwa vinywa vyao. Twawaomba wainjilisti wote wa pande za Ruangwa na Nachingwea waanze na daftari mwezi huu huu, kabla mvua hazijafunga njia za vijijini, nao watakaopata majina wasiyaweke sandukuni, bali wayasome mbele ya watu.